Mayai ya Bata Niliyowanywesha Akina Mama

Mwaka 1971 nilipelekwa Nyansiongo kuwa bwana afya, na ndani ya mwezi mmoja nilikuwa nimewachosha watu wote. Mimi Angwenyi, kijana wa Kiogoro mwenye baiskeli ya serikali, niliingia jikoni mwa watu, nikafunua sufuria, nikatikisa kichwa. Waliniita daktari. Sikuwasahihisha.

Nyuma ya nyumba nilifuga bata, ili nionekane mtu wa maendeleo. Siku moja niliwakusanya akina mama wa kanisa niwafundishe lishe bora. Nilipasua mayai mabichi ya bata ndani ya maziwa ya vuguvugu, nikatia sukari, nikakoroga kwa mbwembwe. Bonareri, mwenyekiti wao, alinusa kikombe chake.

"Bwana Afya, hayapikwi?"

"Mama, moto huua vitamini," nilisema, nikanywa vikombe viwili kuwaonyesha mfano.

Kesho yake wengi walikuwa na homa, wanaharisha na kutapika. Bi kizee mmoja, Nyangate, alilazwa siku nne. Siku ya mafunzo walikuwa wamekula pia mandazi ya Nyanchera, mjane mwenye hoteli ndogo sokoni. Kwangu kesi iliishia hapo. Nilikwenda kumfungia hoteli huku nimejishika tumbo. Nilisoma amri yangu nusu, nikakimbilia choo chake, ambacho kilikuwa safi kuliko changu.

"Na wewe ulikula mandazi yangu?" aliniuliza nilipotoka.

Sikuwa nimekula hata moja. Nilipanda baiskeli nikaondoka kama mtu asiyesikia.

Lakini swali lile lilinikaa. Nilipopeleka mandazi na vinyesi vya wagonjwa vikapimwe, nilitia na mayai matatu. Baada ya wiki tatu Ouko, fundi wa maabara mjini Kisii, aliniita.

"Mandazi ni safi. Haya mayai ni ya nani?"

"Ya mfugaji mmoja."

"Mwambie yana mdudu wa maradhi, Salmonella Typhimurium, yule yule aliyewaangusha akina mama. Bata humbeba bila kuugua. Ayachemshe mpaka yawe magumu. Ni mwendawazimu gani anawapa watu yai bichi la bata?"

"Nitamwambia," nilisema.

Sabato iliyofuata nilisimama kanisani nikasema yote. Watu walicheka hadi mchungaji akainamisha uso. Nyanchera hakucheka.

"Majibu umeyapata lini?" aliuliza.

"Jumatano."

"Na leo ni Sabato. Siku tatu mimi nimefungiwa, wewe unajua."

Hoteli ilifunguliwa Jumapili asubuhi, na wateja wakarudi polepole, polepole mno kwa dhamiri yangu.

Miezi kadhaa baadaye Bonareri aliniita tena kikundini. Niliwafundisha kuchimba shimo la taka. Walinisikiliza vizuri sana. Chai ilipoanza kuchemka, Nyangate alibeba kiti chake, akaja kuketi kati yangu na jiko.