Masikio ya Fundi Chabani

Fundi Chabani wa mtaa wa Mutakura ametibu injini kwa sikio miaka thelathini na mitano. Anaweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya chuma, anaubana mpini sikioni, na ugonjwa anautaja papo hapo. Basi siku alipomrudishia mteja Corolla ambayo injini bado inagonga, akiapa kwamba ni nzima, bintiye Dalia, anayeuza dawa mjini, alimwambia wazi kwamba masikio yake yamekwisha. Mzee alikasirika hadi akasusa chai.

Wakawekeana sharti. Kila mwezi Chabani hupanda milima ya Teza na kikundi cha watazama ndege. Safari hii Dalia angefuatana nao, Jumamosi na Jumapili. Ndege mmoja tu akimpita mzee bila kusikika, ataenda kwa daktari. Akiwasikia wote, habari za masikio zisitajwe tena nyumbani kwake.

Jumamosi mzee alitamba. Kule juu kuna baridi ya kung'ata, njia inapita kati ya mashamba ya chai na kuzama msituni, na Chabani ndani ya koti lake zito alitembea wa mwisho, ati magoti. Magoti gani! Kila Gélase, kiongozi wao, alipoinua mkono, mzee alitazama vichwa vya wenzake vinageukia wapi, akapeleka macho huko huko, akataja: chozi yule, shorobo yule. Hakukosea hata mara moja. Dalia akajiona mtoto mkorofi, na walipokaa kula akamwomba radhi nusu nusu.

Jumapili, saa sita imepita kidogo, vichwa vyote viligeuka kwa pamoja kumtazama yeye. Chabani hakubabaika. Akageuka nyuma, akaona kindege cha manjano tawini, akakinyooshea kidole huku akitabasamu, akasema amekisikia zamani, wao ndio waliochelewa.

Hakuna aliyecheka. Gélase aliinamia viatu vyake. Ilikuwa adhana ya adhuhuri, inalia kwenye simu ndani ya koti la Chabani, kwa sauti ya juu kabisa kama alivyoitega mwenyewe asubuhi ile, na msitu mzima unaisikia.

Dalia alimsogelea hadi sikioni. Alikuwa ameshinda, na ushindi ule ulimuuma.

“Papa, ni adhana. Iko mu mufuko yako.”

Mzee akaitoa simu, akaona inavyowaka, akaibana sikioni. Hapo ndipo aliposikia, tena kwa mbali. Uso ukamshuka. Habari ya Corolla angeibishia hadi kesho; hii aliizima tu, akairudisha mfukoni.

Waliswali kando ya njia, juu ya khanga ya Dalia. Baada ya kutoa salamu mzee alibaki amekaa, mikono mapajani.

“Jumatatu unipeleke kwa docteur,” akasema. Kisha akaugeukia msitu. “Ndege ziko zinaimba sasa?”

“Ziko zinaimba, papa. Mingi.”