Perege wenye doa niliowalisha bata, na mama niliyemwacha aitwe mwizi

Wakuu, heshima kwenu. Hii hata mke wangu sijamsimulia, na chumvi sitaongeza.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilipata kibarua Mishomoroni, kwa mzee mmoja mwenye mabwawa ya perege. Mke alikuwa mjamzito, tumepanga chumba Bombolulu. Kuikosa kazi ile ndiyo hofu niliyolala nayo na kuamka nayo.

Bwawani mlikuwa na perege aina mbili. Mmoja anakua vizuri, mwingine anadumaa na kumaliza chakula. Yule mzee, tajiri wangu, akaniambia yule mbaya ana doa jeusi kwenye pezi la mgongoni, nimtoe.

Basi mimi mjuaji nikavua mpaka vifaranga. Wote wana doa! Nikaamuru wamwagiwe bata, ndoo kwa ndoo.

Mama Kadzo, Mgiriama niliyefanya naye kazi, akanionya.

"Mwanangu, hawa wakiwa wadogo wote wana doa. Yule mzuri humtoka akikua."

Nikamcheka. Yeye akachukua wachache, akawafuga kwenye karai kubwa nyuma ya kibanda.

(Bata walinenepa, hilo sikatai.)

Miezi ikapita. Siku moja asubuhi nikachungulia lile karai. Wengi wao doa hakuna kabisa! Mbegu nzima ya tajiri nilikuwa nimeilisha bata.

Nikiwa bado nimechutama pale, tajiri akatokea.

"Hawa si perege wangu wazuri? Nani kawaficha huku?"

"Ni mimi, mzee," akasema Mama Kadzo. "Walikuwa watupwe."

"Perege kama hawa atawatupa nani? Wallahi wewe mwizi!"

Mama akanigeukia, akangoja. Neno langu moja lingemtosha. Nikainama nikajifanya nafungua fundo la wavu.

Alifukuzwa asubuhi ileile. Alipokuwa akijifunga leso yake aondoke, akasimama mbele yangu.

"Mkeo akijifungua salama, mwambie nimefurahi."

Nilibaki kazini miaka mitatu. Kila tajiri alipoita jina langu, nilidhani leo kajua. Hakujua.

Wafugaji, msimhukumu kifaranga kwa alama ya samaki mzima, ngojeni akue kwanza.

Hilo la Mama Kadzo nawaachia. Nisemeni mtakavyo, ila kwanza ujiulize: wewe ungefungua mdomo?