Shahidi wa Kuazima

Katika kiwanda cha kufulia mashuka ya mahoteli walimwita Pasi Moja, kwa sababu shuka likishapita kwenye roli la pasi mikononi mwake halirudiwi. Hata miaka ile alipokuwa mtumwa wa unga, mikono yake haikuharibu kazi. Aliyeharibika ni yeye, akitoweka wiki nzima na kurudi amekonda kama uzi.

Sasa ameacha. Kila asubuhi hupanga foleni kliniki, muuguzi humpa kikombe kidogo cha methadoni, dawa ya kutuliza uraibu wa unga, humtazama akimeza, kisha humwambia apanue kinywa. Asipokunywa, ikifika jioni mifupa humuuma, kamasi humtoka, na miguu huanza kuikumbuka njia ya zamani. Tatizo ni kwamba kliniki hufunguliwa saa moja, na kazi huanza saa hiyo hiyo.

Meneja alimrudisha kazini kwa mbwembwe. Alitundika bango getini: HAPA HATUMWACHI MTU. Alichapisha fulana zenye maneno hayo hayo. Alimkumbatia mbele ya wenzake, kwapa limelowa, ananuka manukato na vitunguu, akamwita "binti yetu" ilhali ni wa rika moja. Lakini alipoombwa amruhusu aanze saa mbili, alicheka.

"Nikikupa wewe, kesho watataka wote. Hapa si kwa shangazi yako."

Basi mlinzi akawa anamwandika mchelewaji kila siku, chini ya bango lile lile, mpaka akaambiwa kwamba kosa moja tu tena, kibarua kitaota nyasi.

Ndipo ikasikika kwamba wageni wa makao makuu wanakuja. Meneja alimfuata penye roli.

"Kesho asubuhi na mapema uko uani, na fulana. Utatoa ushuhuda. Ulie kidogo."

"Bosi, saa hizo niko kliniki."

"Dawa utakunywa keshokutwa. Siku moja haiui mtu mzima."

Aliutazama ule mdomo, mate yameganda pembeni, akaligeukia roli.

Asubuhi alikwenda kliniki. Kibarua angeweza kutafuta kingine. Mwili alikuwa nao huo huo mmoja.

Aliporudi alisikia makofi. Wageni wamekaa kwenye viti vya plastiki, na mbele yao, ndani ya fulana, amesimama Chumvi wa meza ya kuchambua nguo chafu. Jina hilo alipewa kwa kuwa kila anachokisimulia lazima akikoleze. Chumvi hajawahi kugusa hata sigara.

"Nimelala mitaroni!" Chumvi alilia. "Nimeuza hadi kitanda cha mama mkwe wangu!"

Hana mume, seuze mama mkwe. Mgeni mmoja alifuta machozi. Meneja aliinamisha kichwa, uso umejaa huzuni ya kupimwa.

Pasi Moja alipita katikati ya viti.

"Samahani. Aliyetumia unga ni mimi. Nilikuwa kliniki kunywa dawa."

"Ee, mwenyewe huyo!" Chumvi akajipangusa. "Mwenzangu, nilikuwa nakushikia nafasi tu."

Mgeni wa mbele akamwambia Pasi Moja azungumze.

"Ushuhuda sina. Nina ombi. Niingie saa mbili, nifidie jioni, na getini nisiandikwe tena."

Meneja alimtazama, akawatazama wageni, kisha akafungua mikono kama mtu anayepokea zawadi.

"Hilo? Hilo si tulishakubaliana zamani!"

Akapigiwa makofi kwa hilo pia, marefu kuliko ya Chumvi. Mgeni mmoja akamwandikia mlinzi palepale asimwandike tena. Pasi Moja alikuwa ameipata saa yake, makofi yakabaki kwa meneja.

"Njoo tupige picha," meneja alimwita.

"Roli limeshapata moto," alijibu, akaingia ndani.

Chumvi alimkimbilia mlangoni, kope bado zimelowa.

"Mwenzangu, na mimi si niombe saa mbili? Umeona nilivyolia?"

"Nenda kwanza kavue hiyo fulana."