Mkoromo wa Karisa na Vidonge vya Nywele

Nikianza kuisimulia habari hii uso huniwaka moto mpaka leo, na hapa kwetu Muyeye, Malindi, wapo watu ambao wakiniona napita na ndoo yangu ya maji hukoroma kidogo puani, kisha hujifanya wanafukuza kuku. Siwalaumu, maana ningekuwa wao ningecheka zaidi. Nakubali kusema kwa sababu ndani ya aibu ile niliona jambo kubwa kuliko aibu yenyewe, na si haki nibaki nalo peke yangu.

Mume wangu Karisa alikuwa fundi wa makuti. Homa ilimshika ghafla, akaenda. Mimi, Sidi, si mtu wa maneno mengi (shule nilifika darasa la saba tu, na hata huko nilikaa nyuma), na baada yake nikawa kimya kabisa. Mazishi yalipokwisha walininyoa kichwa, kama ilivyo desturi kwao na kwetu. Nikakaa nikingoja nywele ziote na moyo utulie, na hakuna hata kimoja kilichokuja.

Badala yake nilianza kuchoka. Nazungumzia uchovu wa mtu aliyejazwa mchanga, siyo ule wa kazi. Nilisinzia mbele ya karai la mahamri mpaka mahamri yakawa makaa, na wateja wangu wa asubuhi wakahamia kwa jirani. Nilivaa sweta Malindi, tena mwezi wa Februari, wakati hata mbuzi wanagombania kivuli. Nikanenepa na chakula sili. Sauti ikawa nzito, mtu akinipigia simu ananiita baba. Watu wote wakasema ni huzuni, nami niliamini, na nikisema kweli nilipenda kuamini, kwa sababu uzito ule niliubeba nikidhani ndiye Karisa mwenyewe, kwamba ninavyochoka ndivyo nilivyompenda.

Lakini kichwa kisichoota nywele kiliniudhi. Siku moja nikaingia duka la vipodozi mjini, pale wanapouza mafuta na nywele za kusuka, nikamwuliza binti wa duka kama kuna cha kusaidia. Akanipa chupa ya vidonge. Nikamwambia mimi sitaki dawa. Akacheka, "Si dawa, mama, hiki ni chakula cha nywele na kucha." Nikavificha ndani ya mkebe wa majani ya chai, maana mjane ambaye hanga la kumalizia, yale matanga ya mwisho, halijafanywa akionekana anatafuta urembo, hata kuku watamsema. Nikawa nameza kila siku, na siku nilizojitazama kwenye kioo nilimeza mara mbili.

Wifi yangu Mbeyu, dada yake Karisa, ndiye aliyenivuta kliniki baada ya kunikuta nimelala nimesimama, nimeegemea mlango. Mbeyu ana moyo mzuri na mdomo mpana. Daktari, binti mmoja wa bara, alinishika shingo, akanigonga magoti kwa kinyundo chake, akasema anataka damu ikapimwe tezi ya shingoni. Akauliza, "Mama, kuna dawa yoyote unatumia?"

"Hapana, daktari," nikasema, na wala sikuona kama nasema uongo.

Majibu yalipotoka aliyatazama, akanitazama mimi, akayatazama tena. "Damu yako inasema tezi inakimbia," akasema. "Mtu wa hivyo huwa amekonda, anatoka jasho, moyo unamdunda, hakai. Na wewe umevaa sweta." Akasema hatanipa dawa kwanza, nirudi apime upya, kwa sababu dawa ya kuipunguza kasi tezi akimpa mtu asiyestahili atamwumiza.

Hayo ya mwisho Mbeyu hakuyabeba. Alichobeba ni kwamba tezi inakimbia.

"Tezi inakimbia, mwenyewe amekaa!" akawaambia wanawake wa Gede, kwao Karisa, tulipokwenda kwenye hanga la kumalizia. Wakacheka. Mmoja akasema, "Basi uchovu wake ni wa nini, kama mashine ni nzima?" Mwingine akajibu, bila hata kushusha sauti, "Ni wa kutafutia huruma, ili apewe shamba la mikorosho la marehemu."

Maneno hayo yalinichoma. Mimi nimekaa mwaka mzima sina nguvu hata ya kujifunga kitenge, kumbe naonekana naigiza. Ndipo nikafanya uamuzi wangu mdogo wa kijinga, nikavua sweta, nikakataa mkeka wa ndani nilikowekewa kama mjane, nikaenda kukaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya watu wote, pembeni ya mchungaji, mgongo umenyooka kama askari, ili wanione nilivyo macho.

Walikuwa wamekodi spika. Moja ilikuwa mlangoni, na nyingine vijana waliifunga kwenye mkorosho ulio karibu na kaburi la Karisa, ili na watu wa upande ule wasikie. Mchungaji akahubiri, akahubiri tena, jua likanipiga utosini, nami ile baridi yangu ya ndani ikaanza kuyeyuka taratibu, raha tupu. Mwisho akasema, "Sasa tunyamaze, tumkumbuke ndugu yetu, kisha mjane atatupa neno la shukrani." Akaniwekea maikrofoni mkononi.

Watu wakanyamaza, na mimi nikalala.

Haya yafuatayo nilisimuliwa. Wanasema kidevu changu kilishuka juu ya maikrofoni polepole, halafu ukatoka mkoromo mzito, wa kiume, mrefu, wenye kituo katikati na mluzi mwishoni. Na kila aliyekuwa pale aliufahamu. Karisa alikuwa mkoromaji aliyejulikana kijiji kizima, walioezeka naye hotelini walikuwa wakimhamishia kulala nje. Sasa Karisa yule yule alikuwa anakoroma, na sauti inatokea kaburini kwake.

"Mulungu wangu!" mzee mmoja akapiga kelele. "Karisa hajafa!"

Mungu anisamehe, hanga liligeuka mbio. Sufuria la wali likapinduka, viti vikavunjika, mchungaji mwenyewe (aliyekuwa akitufundisha tusiogope wafu) alikutwa nyuma ya choo. Mtu mmoja tu hakukimbia. Mavyaa wangu, mama yake Karisa, alitembea pole pole mpaka kaburini, akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya saruji na kuuliza, "Mwanangu, umelala vizuri?"

Niliamshwa na Mbeyu akininyang'anya maikrofoni. "Ni huyu! Ni huyu hapa anakoroma!" Na maikrofoni bado ilikuwa inafanya kazi, Gede yote ikasikia.

Kicheko kilichofuata nakisikia mpaka leo. Nilitamani mkorosho uniangukie. Lakini wazee hawakucheka, walikaa kando wakaamua kwamba mwanamke hakoromi mkoromo wa mumewe hivi hivi, kwamba Karisa amekaa ndani yangu na lazima nipelekwe kwa mganga akatolewe. Mavyaa akawajibu kwa sauti ndogo, "Kwanza tumalize ya daktari. Mimi mwenyewe nitampeleka."

Hivyo siku ya kurudi kliniki tulikuwa watatu, mimi, mavyaa na Mbeyu, na chumba ni kidogo hata mlango haukufungika, foleni yote ikawa inatuona magoti. Mavyaa akamsimulia daktari habari ya mkoromo. Daktari aliinama akatafuta kalamu chini ya meza kwa muda mrefu, mabega yakitikisika. Alipoinuka, macho yalikuwa na maji, lakini swali lake lilikuwa la kazi.

"Mama Sidi, nilikuuliza kuhusu dawa. Sasa nauliza vingine. Kuna kitu chochote unameza? Vitamini? Miti shamba? Kitu cha dukani?"

Nikamtazama mavyaa. Kwake mimi ndiye mjane wa mwanawe, mwenye kichwa kilichonyolewa kwa mikono ya watu wake. Lakini tangu utotoni ulimi wangu haukubali kupinda nikiulizwa moja kwa moja. Nikasema, "Nameza vidonge vya kuotesha nywele."

"Nywele!" Mbeyu akaruka. "Mjane!" Foleni ikavuta pumzi kwa pamoja kama kwaya. Mama mmoja mlangoni akasema, "Mwacheni, na yeye ana kichwa."

Daktari alipiga meza kwa kiganja. "Ndivyo hivyo vilivyotudanganya!" Akaeleza kwamba vidonge vya namna hiyo mara nyingi vina vitamini inayoitwa baiotini, tena nyingi, na kwamba haiiharibu tezi bali huvuruga kile kipimo cha maabara, namba ya chini ikasomeka juu na ya juu ikasomeka chini. Aliniambia niviache siku kadhaa ndipo nitolewe damu tena.

Nilipotolewa tena tukarudi wote watatu, na majibu yalikuja yamegeuka kabisa.

"Sikiliza vizuri," daktari akasema, naye akawa kama anamsimulia mtoto hadithi. "Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, kama punje ya mbaazi. Kazi yake ni kuisimamia tezi ya shingoni. Tezi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi, ile ya ubongo hunyamaza. Ikizembea, ile ya ubongo huipigia kelele ya kuiamsha. Hii namba inayoitwa TSH ndiyo kelele yenyewe, na yako iko juu sana. Hii nyingine, T4, ndiyo kazi inayotoka, na yako iko chini. Kwa hiyo tezi yako haikimbii. Imelala, na inaitwa usiku na mchana."

Nywele zangu chache zilisimama. Mwaka mzima nimekaa kimya nikidhani ndani yangu hamna kitu ila msiba, kumbe nyuma ya macho yangu kulikuwa na punje ya mbaazi inaita, haijibiwi, inapaza sauti zaidi, haichoki wala haikati tamaa juu yangu, hata pale mimi mwenyewe nilipokuwa nimekata. Nani aliyeiweka mle? Nani aliyeifundisha kuita? Na ni akili gani ya binadamu iliyoweza kuisikia ndani ya kijichupa cha damu? Nilishika shingo yangu kama mtu anayegusa kitu chenye mwenyewe.

"Na ule mkoromo?" Mavyaa akauliza.

"Ni tezi, mama. Ikilala, koo huvimba, sauti huwa nzito, mtu hukoroma."

"Kwa hiyo si Karisa."

"Si Karisa, mama."

Mbeyu alishusha pumzi, akanishika mkono akasema, "Nisamehe, wifi yangu, nilikusema vibaya." Lakini mavyaa alitoka akakaa kwenye benchi la nje. Nikamfuata. Alikuwa akitazama mikono yake.

"Watu wote walikimbia, Sidi," akaniambia. "Mimi nilifurahi."

Nikakaa kando yake. Nilikuwa nimekuja na hofu kwamba daktari ataniondolea Karisa na kuniachia ugonjwa, na sikujua kwamba mama yake alikuja na hofu ile ile.

Dawa niliyopewa humezwa asubuhi na maji matupu, kabla ya chai, kisha unangoja kidogo ndipo unywe, na kila baada ya muda napimwa tena kuona ile kelele imeshuka kiasi gani. Inashuka. Nimeapa kwamba daktari akiniuliza ninachomeza nitamtajia kila kitu, hata pipi, kiwe kimetoka duka la dawa au duka la nywele, na atakayepima ni yeye, mimi nisimchagulie. Mavyaa alihamia kwangu ili aone kama nameza. Ananiletea maji, namwonyesha ulimi mtupu, halafu tunakaa mlangoni sote wawili na njaa yetu, chai iko jikoni hatuigusi, na katika kungoja huko ndiko tunakomzungumzia Karisa.