Mgumba wa Kambini

Niliulizwa kama nina mtoto mdogo, nikasema sina. Basi, uongo wenyewe ulikuwa huo tu.

Nilikuwa kwenye benchi la mkandarasi wa chakula na usafi, nje ya mgodi mmoja huko Geita, na dada aliyenitangulia alikuwa ametoka kusema ana wa miezi minane. Akaambiwa aende, atapigiwa simu. Simu za namna hiyo nazijua. Wangu alikuwa na mwaka na nusu, nilikuwa nimemwachisha ziwa wiki ile ile kwa ajili ya kazi hiyo, na kifua kilikuwa bado kinaniuma chini ya blauzi. Nikakaza uso. Nikapewa sare ya dobi.

Kambini wanawake huitana kwa majina ya watoto wao. Wenzangu wote walikuwa Mama Fulani, wa watoto waliokwisha kukua. Mimi nikabaki "dada". Wiki sita ndani, mbili nyumbani Didia, miaka mitano hivyo hivyo. Mwanangu alilelewa na mama yangu mzazi, mimi huku nikahesabiwa mgumba. Na watu wana huruma, asikudanganye mtu. Mpishi mmoja aliniletea mizizi ya kuchemsha kutoka kwao, ya kufungua kizazi. Nikainywa, chungu kama shubiri, maana alikaa palepale kuhakikisha namaliza kikombe.

Aliyeniumiza zaidi ni mhandisi wa kike kutoka Ghana, ambaye nguo zake nilizifua mimi. Ukutani alibandika picha za wanawe wawili waliobaki kwao na bibi yao. Siku moja alinieleza, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, kwamba mdogo alianza shule yeye akiwa hapa. Alimwona kwenye simu tu, picha ikikwamakwama. Akalia mbele yangu, mtu mzima na cheo chake. Kisha akajifuta, akaniuliza, "Na wewe dada, watoto wangapi?"

Tulikuwa wawili tu na mlango umefungwa. Nikasema sina.

Akanishika mkono, akasema Mungu atanijalia. Alipotoka likizo aliniletea kichupa cha mafuta ya upako kutoka kanisani kwao. Amevuka nacho nchi kwa nchi kwa ajili ya tumbo langu, nami nikajipaka akiniangalia. Nilijichukia siku ile, na mpaka leo sijamaliza kujichukia.

Desemba iliyofuata, mwanangu aliniomba jambo moja. Hakutaka viatu wala begi. Alitaka mimi ndiye nimpeleke siku ya kwanza ya darasa la kwanza. Nikamwahidi. Nikarudi kambini, nikakuta siku yenyewe imeangukia katikati ya zamu yangu.

Fomu ya ruhusa ilikuwa na mstari wa sababu. Niandike nini? Msiba? Nimuue nani, mama yangu? Nilizunguka na ile karatasi mfukoni siku nne. Mhandisi angeweza kuniombea ruhusa, maana msimamizi wetu alimwogopa. Kama kuna mtu duniani ambaye angenielewa, ni yeye. Nikaenda chumbani kwake na nguo zilizopigwa pasi, nimekata shauri kumwambia yote. Akanikaribisha vizuri, akauliza kama yale mafuta yamesaidia. Nikasema bado. Nikaweka nguo kitandani, nikatoka.

Jioni ya kuamkia shule nilipiga simu nyumbani, nikamwambia mtoto kwamba bibi ndiye atampeleka. Akasema, "Haya, mayu," kama tunavyowaita mama zetu Usukumani. Laiti angelia.

Wala sikuishia hapo. Mume wa mwalimu wake alikuwa fundi umeme kambini kwetu, tulikuwa tukipanga foleni moja ya chakula. Nikamwambia mtoto, mwalimu akiuliza mama yako ni nani, mtaje bibi. Akauliza kwa nini. Nikasema ili mama asifukuzwe kazi. Akalirudia jibu hilo mara mbili asije akasahau.

Kesho yake mchana nilijificha nyuma ya kamba za mashuka, nikapiga. Alikuwa na furaha. Amekaa dawati la mbele, wengine wamelia, yeye hakulia. Mwalimu amewasimamisha mmoja mmoja wawataje wazazi wao.

"Nikamtaja bibi," akasema. "Sikukosea hata kidogo."

Nilijua anangoja kusifiwa. Nikamwambia amefanya vizuri sana, mwanangu, na hilo neno la mwisho nililisema kwa kunong'ona, ili wenzangu waliokuwa wakianika upande wa pili wasinisikie.