Kuwapeleka Wageni Milimani Bila Yeye

Kila Jumamosi mume wangu alikuwa akiwapeleka watu milimani. Aliwachukua Thika na Ruiru, wakapanda hadi juu ya Gatura karibu na msitu, wakaona maporomoko ya maji, wakachuma chai kidogo, na wakirudi wakapitia kiwanda cha kahawa. Tulipomzika, simu yake ilibaki kwangu. Siku moja ikalia. Alikuwa mama wa kanisa moja la Ruiru, anataka kuleta wenzake.

"Mwenyewe alifariki," nikamwambia.

"Pole sana, dada. Na wewe njia unaijua?"

"Naijua."

"Basi tupeleke wewe."

Nilikubali kwa sababu sikutaka kazi yake izikwe naye. Lakini niliogopa. Miaka yote nimeshona nguo katika viwanda vya Thika, na kusema mbele ya watu sijazoea. Nilijua nikiivuruga siku hiyo, sitajaribu tena.

Jumamosi ilipofika, kwenye maporomoko sikusema kitu. Mume wangu angewaeleza mto unatoka wapi. Mimi niliwaacha wasikilize maji, nikajipangusa uso.

Shamba la chai ni la shemeji yangu. Niliwaonyesha: majani mawili na kichipukizi, basi. Mama mmoja, mzaliwa wa Kakamega, akavuna kwa mikono miwili, pamoja na vijiti, kama anayechuma kunde za jioni. Kwenye kituo cha kupimia chai, karani akamwaga kikapu chake mezani, akachambua.

"Mama, hii ulimchumia ng'ombe?"

"Ukichuma mboga kidogo kidogo hivyo, kwetu watu watalala njaa!" mama akamjibu.

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi pia nilicheka, kisha nikageuka kumtafuta mume wangu nimwambie.

Tulipofika kiwanda cha kahawa, lango lilikuwa limefungwa. Kahawa ilikuwa bado kijani mashambani. Nilikuwa nimefuata njia yake bila kuufikiria msimu. Soja anayelinda lango alituonea huruma akatufungulia, tukaona mashine kavu na meza tupu za kuanikia.

"Nimewaleta bure," nikasema. "Sikuuliza kwanza."

Yule mama wa Kakamega akapitisha kiganja juu ya wavu wa meza. "Na hizi zikijaa, inakuwaje?"

Hilo nililijua. Mavuno yakizidi, sisi wanawake tulikuwa tunaitwa kusaidia. Nikawaeleza tunavyozigeuza buni kwa mikono ili zikauke sawasawa, tunavyotoa zilizovunjika, tunavyokimbia na nailoni kuzifunika wingu likitokea, na harufu inayobaki kwenye leso hata ukiifua. Niliongea mpaka soja akavuta kiti.

"Aiya! Leo umehubiri," akasema.

"Sasa turudi lini tuzione?" mama wa Kakamega akauliza.

"Mwezi wa kumi na moja," nikamjibu. "Lakini safari hiyo nitampigia soja kwanza."