Munyu wa Majivu

Nilichoka mwaka ule, na sisemi kuchoka kwa kwenda kazini na kurudi. Nilichoka hata nikiwa nimelala. Nilikuwa nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya West Bay, nawachekea wageni kutwa nzima, na moyoni nawaombea wote wapotelee mbali ili nikae chini. Mume wangu, fundi wa kompyuta katika ofisi ya jirani, alisema ni mimba. Wenzangu kazini wakasema ni mimba. Joto la Doha nalo likasingiziwa sehemu yake. Nikakubali, maana nguvu ya kubishana ningeitoa wapi?

Mimba yenyewe ilinikalia vibaya. Samaki sitaki, mayai sitaki, maziwa nikiyaona tu nakimbilia chooni. Ikafika mahali hata chumvi ya dukani nikawa naisikia ikinuka.

"Chumvi inanukaje, mama?" mume wangu aliuliza, anajizuia kucheka.

"Si uinuse wewe basi!"

Nilichokitamani ni munyu wa kwetu, kule milimani magharibi mwa Kenya. Maganda ya maharagwe yanachomwa, jivu linawekwa kwenye chombo chenye matundu, linamwagiwa maji, na yale maji ya rangi ya chai yanayochuruzika ndiyo unayopikia mboga. Mama yangu alitulea kwa munyu huo, na mboga isiyo nao kwake ni majani tu. Nikampigia simu, nikamlilia kama mtoto mdogo.

Haikupita muda jivu likafika, limefungwa mfuko ndani ya mfuko, mkononi mwa kijana wa kwetu aliyekuwa askari wa lindo na aliyekuwa anarudi kutoka likizo. Alifika nyumbani kwetu, mtaa wa Al Mansoura, amenuna.

"Dada, siku nyingine mwambie mama atume mahindi," alisema. Kumbe pale uwanja wa ndege watu wa forodha walilizunguka lile jivu, wakalinusa, wakamwita mkubwa wao, na yeye anaapa kwa Kiarabu cha kuokoteza kwamba ni chumvi ya mama mjamzito. Woi, nilicheka mpaka mbavu zikauma. Ile chumvi ya dukani nikaipandisha juu ya kabati, na kuanzia hapo nikawa nakula ugali na mboga ya munyu, na kidogo nikapata raha.

Uchovu lakini haukuniacha. Kliniki nilipokelewa na daktari mmoja, mama wa Kisudani mwenye sauti ya chini. Aliniambia nimeze mate, vidole vyake viko shingoni mwangu. Nikameza. Akaniambia nimeze tena. Akaagiza damu ipimwe, na niliporudi kuchukua majibu swali lake la kwanza lilikuwa hili, nyumbani natumia chumvi gani. Nikamweleza habari za munyu kwa majivuno kabisa, hata namna ya kuuchuja.

Aliweka kalamu chini. Akanieleza polepole kwamba shingoni kuna tezi, kwamba yangu imelegea na ndiyo inayonichosha, kwa kuwa haiwezi kazi yake bila iodini, ambayo siku hizi huwekwa kwenye chumvi ya dukani. Mtoto aliye tumboni, miezi ile ya mwanzo, tezi yake bado haijaanza kazi, kwa hiyo anaishi kwa ile ya mama. Ikishaanza, iodini ya kuitumia bado anaitoa kwa mama. Samaki nimekataa, maziwa nimekataa, mayai nimekataa, na hiyo chumvi yangu ya majivu haina iodini ya kumtosha. Mama akipungukiwa sana, alisema, ubongo wa mtoto haujengeki sawasawa, wala masikio.

"Masikio?" nikauliza.

"Akikosa kabisa, anaweza kuzaliwa hasikii. Hasemi. Hata kimo hakipati."

Alikuwa ananisimulia kaka yangu. Kaka yangu mkubwa ni mtu mzima mwenye ndevu, na kimo chake ni cha mtoto wa shule ya msingi. Hajawahi kutamka neno. Mama aligundua hasikii siku sufuria ilipoanguka nyuma yake, na mtoto akaendelea kuchezea kijiti chake. Mama mwenyewe ana rovu, ule uvimbe wa tezi, shingoni, analificha kwa leso. Watu wa upande wa baba wa kaka walisema mama alipokuwa na mimba ile alimcheka bubu sokoni, na Mungu akamjibu. Walilisema mpaka huyo baba akaondoka. Mimi nilizaliwa baadaye sana, kwa baba mwingine, wakati mama alipokuwa amehamia mjini kwa dada yake, na huko walipikia chumvi ya dukani; kijijini tulirudi nikiwa nimeshaanza kutembea. Hakuna mtu aliyewahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja.

Daktari alinipa vidonge. Nikamuuliza mtoto wangu atakuwa mzima? Akasema tumewahi, tutaangalia, inshallah. Haki ya Mungu, nilimchukia kwa hiyo inshallah. Nilitaka ndiyo.

Nilirudi nyumbani, nikalimwaga jivu lote kwenye taka, nikapiga simu nikiwa bado na hasira, na hata sijui nilimkasirikia nani. Nilimweleza mama yote, ya tezi, ya chumvi, ya kaka.

"Mimi sikumcheka mtu," alisema. "Niliwaambia."

"Najua, mama."

"Na huyu wako, atasikia?"

"Sijui."

Miezi iliyobaki niliibeba hivyo. Nilimeza vidonge, nikajilazimisha samaki huku nimebana pua, nikasimama mapokezi nikiwachekea watu. Usingizi haukunipumzisha. Nikimsikia mtoto akicheza tumboni nilifurahi, halafu hapo hapo nikaogopa.

Alizaliwa msichana. Walimchoma kisigino, wakachukua matone ya damu, na majibu yakaja kwamba tezi yake inafanya kazi. Masikio nayo wakayapima kwa kijimashine chao, wakasema ni mazima. Nikampigia mama, nikamsomea yote.

"Hicho kijimashine sikijui," alisema. "Una sufuria?"

"Mama, jamani, mtoto amelala."

"Ndiyo vizuri. Simama nyuma yake asikuone."

Niliweka simu kitandani, sauti imefunguliwa. Mume wangu aliniletea sufuria na mwiko, ananitazama kama nimerukwa na akili. Nikapiga mara moja. Mtoto akaruka, mikono hewani, akaangua kilio ambacho majirani wote walikisikia. Nikambeba, na mimi nalia, nikamwambia mama, umesikia? Amesikia!

Kule upande wa pili mama alikuwa anahema. Nyuma yake nilisikia kuku, na kaka yangu akiguna vile anavyoguna akitaka chakula.

"Piga tena," mama alisema.

"Mama, ameshasikia, sikia anavyolia."

"Najua. Piga tena, mwanangu. Yule mwingine nilimpigia mwaka mzima."